Je, kutunga sheria bungeni ni ushirikina?

SWALI: Assalaam alaykum sheikh. Kaka yangu ameacha kupiga kura. Anasema mbunge anayetunga sheria amejifanya mshirika wa Mwenyezi Mungu, na hoja yake ni aya isemayo hapana hukumu ila ya Mwenyezi Mungu. Mimi naona bunge lina manufaa, lakini sina la kumjibu. Tueleze uzuri na ubaya wa njia hii.

JIBU: Wa alaykumu s-salaam wa rahmatullah. Aya anayoisoma kaka yako ni ya 40 katika Suratu Yusuf, na ni haki tupu. Mwombe aendelee na sura hiyo hiyo. Maneno hayo Nabii Yusuf (a.s.) aliyasema akiwa gerezani. Alipotolewa, katika aya ya 55, alimwomba mfalme amweke juu ya hazina za nchi, na aya ya 76 inaonyesha kwamba nchi ile ilikuwa na sheria ya mfalme wake. Aliyetamka tauhidi ile ndiye aliyeshika kazi ya serikali, watu wakanusurika na njaa. Wapo wanavyuoni wasioikubali dalili hii, wakisema ile ni sharia ya waliotutangulia, si yetu sisi, na kauli yao ina uzito. Lakini kumtoa Muislamu katika dini kwa sababu ya kura ni jambo linalonitia hofu. Khawarij, kundi lililomwasi Khalifa Ali (r.a.), walimpigia kelele kwa neno hili hili la hukumu, naye akajibu kuwa ni neno la haki lililokusudiwa batili.

Mambo mengi yanayopita bungeni hayagusi halali wala haramu: mwendo wa magari, usajili wa ardhi, matumizi ya fedha za umma. Hayo tumeachiwa tuyapange kwa maslahi ya watu. Bunge likihalalisha alichokiharamisha Mola, hapo hata wabunge wote wakiafikiana, haramu inabaki haramu.

Uzuri wa bunge ni ushauri. Tazama vita vya Uhud, mwaka wa 3 Hijria. Mtume (s.a.w.) alipendelea kubaki Madina, wengi wakataka kutoka, akatoka nao. Waislamu wapatao 70 wakauawa. Ungetarajia baada ya msiba ule ushauri ufungwe, kumbe katika aya zilizoteremka kuhusu vita hivyo, Aal Imran aya ya 159, Mtume anaamrishwa awasamehe na ashauriane nao. Aya hii kila nikiisoma hunigusa. Bungeni nako muswada husomwa zaidi ya mara moja, hupelekwa kwenye kamati, mpinzani husikilizwa hadharani, na sheria ikionekana mbovu hurekebishwa bila damu kumwagika.

Ubaya wake ni kwamba kura huhesabu mikono, haipimi haki. Mwaka 1913 Bunge la Afrika Kusini lilipitisha sheria ya ardhi iliyowabakishia Waafrika, waliokuwa wengi wa wananchi, takriban asilimia 7 tu ya nchi yao. Taratibu zote zilifuatwa, na dhuluma ikapata muhuri. Bunge la Uingereza nalo lilipiga marufuku biashara ya watumwa mwaka 1807, lakini sheria ya kuwaacha huru watumwa wa makoloni yake ilingoja hadi 1833.

Linaloniuma zaidi ni mbunge kupiga kura kwa amri ya chama huku moyo wake ukijua kuwa jambo hilo ni dhuluma. Mtume (s.a.w.) amesema mwenye kuombwa ushauri ni mwenye kuaminiwa. Waliomchagua wamemwomba ushauri wake, naye ameuza amana.

Basi mwambie kaka yako asimpe kura mtu wa namna hiyo, na kama moyo wake bado una shaka juu ya kupiga kura, asilazimishwe, ila aache kuwakufurisha wenzake. Na Muislamu aliyemo bungeni ukija muswada wa kuhalalisha riba, aseme wazi kuwa anaupinga na apige kura ya hapana. Akishindwa kwa wingi, dhambi ya waliopitisha haimhusu.

Wallahu a'lam.