Wasomaji Wauliza: Ni nani hasa aliyelihariri jarida la watoto la Du Bois?

SWALI: Mhariri, nimesikia kwamba W.E.B. Du Bois, yule msomi na mtetezi wa haki za Watu Weusi, aliwahi kuanzisha jarida la watoto Weusi nchini Marekani, na kwamba humo ndimo mashairi ya Langston Hughes yalimochapishwa kwanza. Je, ni kweli? Na mbona halikudumu? (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Ni kweli, ila sifa hupewa Du Bois ilhali sehemu kubwa ya kazi ya uhariri aliifanya mwandishi wa kike, Jessie Redmon Fauset. Jarida hilo, The Brownies' Book, lilitoka kila mwezi kuanzia Januari 1920 hadi Desemba 1921, matoleo 24 kwa jumla, na nakala moja iliuzwa kwa senti 15.

Chanzo chake alikieleza Du Bois katika The Crisis, gazeti alilokuwa akilihariri, toleo la Oktoba 1919. Msichana wa miaka 12 alikuwa amemwandikia kwamba anawachukia Wazungu kama wanavyomchukia yeye, na pengine zaidi. Barua hiyo ilimshtua Du Bois, kwa kuwa gazeti hilo ndilo lililokuwa likiripoti kila mwezi habari za Watu Weusi kuuawa na makundi ya Wazungu, na watoto walikuwa wakizisoma. Kuwaficha watoto ukweli wa ubaguzi aliona haiwezekani, na kuwalea katika chuki aliona ni kuwaangamiza wao wenyewe. Ndipo akaamua, pamoja na Augustus Granville Dill aliyekuwa meneja wa biashara, kuwaandalia chapisho lao la hadithi, mashairi, michezo, historia na picha za watoto wanaofanana nao.

Fauset alitajwa kuwa mhariri wa fasihi mwaka 1920, kisha mhariri mtendaji mwaka 1921. Ndiye aliyetunga shairi fupi la kuliweka wakfu jarida kwa watoto waliopekua rafu za maktaba bila kuambulia kitabu kinachosimulia fahari ya watu wao. Safu ya “Jaji”, ambamo mzee mwenye busara hubishana na watoto Billikins, Billie, William na Wilhelmina kuhusu adabu, vitabu na hata Afrika, ilitoka kwenye kalamu yake (na kwa maoni yangu, ndiyo inayosomeka vizuri zaidi hadi leo). Barua za watoto wenyewe nazo zilipewa ukurasa wao.

Kuhusu Hughes, ukiacha jarida la shule yake ya sekondari mjini Cleveland, umesikia sawasawa. Akiwa Mexico kwa baba yake, alituma mashairi, Fauset akayapokea na kuyachapisha Januari 1921 pamoja na makala ya Hughes kuhusu michezo ya watoto wa Mexico. Juni mwaka huohuo The Crisis, ambako Fauset pia alikuwa mhariri wa fasihi, ikachapisha shairi la Hughes la mito lililomtambulisha kwa watu wazima. Baadaye Hughes alimtaja Fauset miongoni mwa wakunga watatu wa fasihi mpya ya Watu Weusi.

Lililoliua jarida ni ukosefu wa fedha. Wachapishaji walikuwa Du Bois na Dill kwa jina lao, si NAACP, chama cha kutetea haki za Watu Weusi kilichomiliki The Crisis, kwa hiyo hasara iliwaangukia wao. Waliojiandikisha kulinunua hawakufikia idadi ya kulipia karatasi, uchapaji na posta, na matangazo ya biashara yalikuwa haba, kwa kuwa kampuni kubwa za wakati ule hazikuwahesabu wasomaji hao kuwa wateja wao.