Kabla hujalipa hiyo safari ya Arusha

Mwanangu,

Ujumbe wako niliusoma ndani ya matatu nikitoka Gikomba, nikaurudia nyumbani baada ya kuinjika chai. Unauliza kama uandamane na wenzako wa chuo huko Uingereza mje Arusha wiki nne kujitolea hospitalini, maana wakala ameahidi kwamba hata wa mwaka wa pili atazalisha.

Hilo "atazalisha" limeninyima usingizi.

Mwaka mmoja, katika wodi nisiyoitaja, tuliletewa mwanafunzi mgeni, kijana wa moyo safi kabisa. Siku ya tatu nilimkuta anamshona mama aliyechanika, mikono ikimtetemeka. Mama ameuma leso asipige kelele. Aliponiona akaninong'oneza, "Sista, huyu ni daktari?" Hakuna aliyekuwa amemwomba ridhaa. Nilivaa glavu nikamalizia mwenyewe. Kijana nilimkuta baadaye nje analia, nikampa chai. Usiku ule tulikuwa wakunga wawili kwa wodi nzima, na aliyemwachia sindano alikuwa amezidiwa.

Sasa niambie: huko Uingereza wangekuruhusu kushona mtu mwaka wa pili? Basi na Arusha usishone.

Lakini njoo. Wenzako hawana Kiswahili. Mgonjwa akisema ana kichomi, wao wataandika "maumivu ya kifua" wapite. Wewe utamwuliza kinamchoma upande gani, akivuta pumzi kinazidi, ana homa, anakohoa? Hapo nimonia inaanza kujionyesha. Pima presha, hesabu pumzi dakika nzima ukitazama saa, si kwa kukisia. Kazi hiyo ndiyo huwa tunakosa mtu wa kuifanya vizuri.

Chanjo ya homa ya ini B hakikisha umeikamilisha. Ukijidunga sindano iliyotumika, osha kwa maji na sabuni, usikamue, useme saa hiyo hiyo, usione haya. Dawa za kuzuia VVU huanzwa mapema iwezekanavyo, kabla ya saa 72 kupita, nazo humezwa siku 28. (Mimi niliwahi kuzimeza. Sikukwambia kwa sababu ulikuwa mdogo.)

Muulize wakala ni nani atakayekusimamia wodini, na hospitali inapata ngapi katika pesa unazolipa. Akijibu kwa maandishi nitumie nisome. Na usipitilize kwa ndege hadi kule. Shukia Nairobi, ulale nyumbani, nami nitakusindikiza kwa basi hadi Namanga.

Mama yako