Kwa mnaoanza kupiga picha za viwavi na wadudu: anzeni na mndimu wa nyumbani

Assalaam alaykum wadogo zangu. Nnaona wengi mmeanza kupiga wadudu kwa karibu na swali la mwanzo huwa ninunue lensi gani, mie nakwambieni lensi iwacheni kwanza, mwaka wangu wa mwanzo nlikuwa na simu na kile kilensi cha kubana tu, na picha zilizoharibika zote ziliharibiwa na upepo, jua la saa sita na papara yangu.

Hapa Pemba ukitafuta vizuri kwenye mndimu au mchungwa hukosi viwavi wa kipepeo yule mkubwa mweusi mwenye madoa ya manjano, kwa jina la kitaalamu Papilio demodocus. Akiwa mdogo utampita mana kafanana kabisa na mavi ya ndege, akikua ndo anageuka kijani. Huyu ndiye alonifunza fokasi, yaani kuchagua pahala pa kutoka kali kwenye picha. Mgongoni karibu na mbele ana alama kama macho, basi mie nkizifokasi zile, picha inatoka kali lakini ukiitazama unahisi mdudu hana uso, mpaka nkaja kujua kuwa yale si macho, ni ya kutishia maadui, kichwa chenyewe kipo chini yake, kimeinama kwenye jani, na macho ya kweli ni vijitone vidogo sana pembeni ya kichwa. Tangu hapo kabla sijabonyeza najiuliza uso uko wapi, na kamera inashuka mpaka usawa wa uso, hata kama itabidi nilale chini na kanzu yangu.

Akikereka anatoa pembe mbili laini za rangi ya chungwa zenye harufu kali. Ukishazipata mara moja muwache ale, kumchokoza kila dakika ni kumtesa.

Sasa fokasi yenyewe. Ukikaribia mpaka mdudu aingie kwenye kamera kwa ukubwa wake halisi, ile sehemu inayotoka kali kwa f/8 (hiyo ni namba ya tundu la lensi, namba ikikua tundu linakuwa dogo) ni kama milimita moja tu, pumzi yako peke yake inakutoa. Kwa hivyo weka fokasi ya mkono, usizungushe tena, wewe ndo usogee mbele na nyuma taratibu na upige picha nyingi mfululizo. Kiwavi mrefu mpige ubavuni, kamera iwe sambamba na mwili wake, hapo anatoka mzima. Msidhani dawa ni kubana tundu la lensi mpaka f/22, picha nzima inalainika, mie nabaki f/8 mpaka f/11.

Wakati ni baada ya sala ya alfajiri, mwanga ukishatoka, mpaka kama saa mbili hivi. Wadudu bado wamepoa, hawaruki ovyo, umande upo. Kusi ikianza kuvuma tawi halitulii, basi mie huchomeka kijiti ardhini, nafunga kibanio cha nguo juu yake na kukishikisha tawi, tena nasimama upande unaotoka upepo. Lakini kiwavi msimchume mkamweka mezani jamani, jani lake analokula ni nusu ya picha.

Flashi tupu inamng'arisha mdudu kama sufuria. Kata dumu jeupe la maziwa, liweke mbele ya flashi, karibu na mdudu kadiri unavoweza, shata (muda kamera inaokaa wazi) iwe sekunde 1/200, na mwanga utakuwa laini kama wa mawingu. Ukishalizoea hili ndo wende msitu wa Ngezi, mana mule ndani kuna kiza na bila ya flashi utarudi na ukungu mtupu.

Maji moto, wale sisimizi wakali wa kwenye mikarafuu, ni mtihani mwengine, hawatulii hata sekunde, msiwafukuzie. Tafuta pahala wanapojenga, wapo wanaovuta majani yakutane na wapo waloshika watoto wao mdomoni wanashonea kwa uzi unaotoka kwa hao watoto, pale wanarudia kazi ile ile na wewe unasubiri na fokasi yako tayari. Vaa mikono mirefu na suruali uiingize kwenye soksi.

Na viwavi wenye manyoya msiwaguse kabisa, wengine manyoya yao yanawasha siku nzima, na ukijifuta jicho kwa mkono ule ule hiyo ni safari ya hospitali.