Dada, kafute hicho "Kiingereza" kwenye fomu ya lugha kabla wiki mbili hazijaisha

Uzi wako nimeusoma nikiwa mapumziko kazini, chakula kikanishinda. Umeuliza mambo matatu: jimbo la Texas linapigaje hesabu ya hela za wilaya za shule, kwa nini kodi ya nyumba yenu inapanda kila mwaka na bado shule zinalia hazina hela, na kama umhamishie binti shule za charter, zile za umma zisizoendeshwa na wilaya. Sawa, mawili ya kwanza tutafika huko, la charter tuliache kwa leo. Lakini katikati umetupia kamstari kamoja kama vile si kitu: "fomu ya lugha nimeandika Kiingereza ili wasimsumbue, ile ya kipato sikuijaza, hatutaki vya bure." Na umesema binti ana miaka tisa, kafika mwezi uliopita kutoka Dodoma, amesoma shule ya serikali, umemwandikisha Jumatatu ya wiki iliyopita.

Leo Jumatano. Zimepita siku tisa. Kwa sheria za Texas fomu ya lugha ya nyumbani, ile inayoiambia shule kama mtoto apimwe Kiingereza, unaweza kuirekebisha kama masharti mawili yametimia: mtoto bado hajapimwa Kiingereza chake, na hazijapita wiki mbili za kalenda tangu umwandikishe. Jumamosi na Jumapili ofisi zimefungwa, kwa hiyo ya uhakika una kesho na keshokutwa. Mengine yote haya ya kodi na jimbo yanaweza kusubiri, hili halisubiri.

Naongea hivi kwa sababu mimi nilifanya hilohilo, neno kwa neno.

Mwanangu alikuja kutoka Mwanza Agosti 2021, ana miaka kumi. Kule alisoma shule ya msingi ya serikali, Kiswahili kitupu, Kiingereza chake kilikuwa salamu ya kumwamkia mwalimu na majina ya wanyama. Siku ya kumwandikisha nikapewa rundo la makaratasi, nikatoka nayo nje, nikayajaza juu ya boneti ya gari pale paking, jua linawaka. Nikafika kwenye fomu inauliza lugha gani inaongewa nyumbani muda mwingi, na mtoto anaongea lugha gani muda mwingi. Nikakumbuka maneno ya bwana mmoja wa jumuiya yetu, mtu amekaa Marekani miaka zaidi ya ishirini, kila mgeni akifika anaelekezwa kwake. Alituambia kwenye kikao, kwa kujiamini kabisa: "Msiandike Kiswahili, watamtenga mtoto, atawekwa na wale wasiojua kitu, hatatoka humo mpaka amalize shule." Nikaandika Kiingereza mara mbili, nikasaini, nikarudisha dirishani nikijiona mjanja.

Kwa hiyo hakupimwa. Wangempima vipi wakati karatasi yenye saini ya baba inasema kwao wanaongea Kiingereza? Wilaya ina wiki nne tangu mtoto aandikishwe za kumpima na kuamua kama anahitaji msaada wa lugha, lakini kinachoanzisha kupima ni hiyo fomu. Fomu ikisema Kiingereza tu, hakuna kipimo, hakuna mwalimu wa ESL, yaani wa kuwafundisha Kiingereza watoto wa lugha nyingine. Akapelekwa gredi ya tano moja kwa moja, mwalimu anaongea kama anavyoongea na watoto waliozaliwa hapa.

Wiki ya sita nikaitwa shuleni. Mwalimu mama wa makamo, mpole, akaniwekea mezani zoezi la hesabu la mwanangu. Swali lilitaka ajaze jedwali, kwa Kiingereza wanaita "table". Mwanangu alikuwa amechora meza. Meza ya miguu minne, ameipaka kivuli kwa penseli vizuri kabisa, na chini yake amechora na stuli. Nambari za lile swali alikuwa anazijua zote, nilimuuliza kwa Kiswahili palepale akajibu kichwani bila hata kalamu. Mwalimu ananiangalia, anasema kwa upole kwamba kwenye kompyuta inaonyesha Kiingereza ndiyo lugha ya nyumbani, kwa hiyo walianza kufikiria labda mtoto ana tatizo la kujifunza, wanataka nikubali afanyiwe uchunguzi. Aisee. Mtoto wangu aliyekuwa wa tatu darasani kwao watu wanataka kumchunguza akili kwa sababu ya neno moja nililoandika mimi juu ya boneti.

Nikasema basi nibadilishe fomu. Karani akaniambia muda umepita. Nikamuuliza muda gani, ndipo naambiwa habari ya wiki mbili kwa mara ya kwanza. Nikapanda mpaka ofisi ya wilaya, jibu lilelile. Mwaka 2022 tukahama kabisa, sababu mojawapo ilikuwa hiyo, nikajua wilaya mpya itakuwa na fomu mpya. Hakuna kitu kama hicho. Fomu inajazwa mara moja, mtoto anapoingia shule ya umma ya Texas kwa mara ya kwanza, na inakaa kwenye faili lake, anakohama inahama naye. Tumefika wilaya mpya wanafungua faili, mwandiko wangu huo hapo.

Tukatafuta mwalimu wa pembeni, kila Jumamosi kwa muda wa saa mbili, dola 30 kwa saa, zaidi ya mwaka mmoja na nusu. Na yule mwalimu wa gredi ya tano alikuwa anambakiza baada ya masomo bila kulipwa na mtu, Mungu ambariki. Leo mtoto yuko haiskuli, anaongea kuliko mimi. Lakini ile miaka miwili alikuwa anarudi nyumbani hasemi, anakula, analala. Hiyo hairudi.

Sasa hapa ndipo swali lako la kwanza linapoingia, maana nililijua kwa machungu. Jimbo halitoi hela kwa kuangalia shule ina shida gani, linatoa kwa kuhesabu watoto na sifa walizoandikiwa. Kuna kiwango cha msingi kwa kila mtoto, tangu 2019 kilikuwa dola 6,160, bunge la Texas mwaka 2025 wakaongeza dola 55 ikawa 6,215. Juu ya hapo kuna nyongeza. Mtoto aliye kwenye programu ya kujifunza Kiingereza anaongezewa 0.1 ya kiwango cha msingi, yaani kwa wakati wangu dola 616 kwa mtoto anayehudhuria mwaka mzima. Mtoto wa familia ya kipato cha chini anaongezewa kuanzia 0.225 mpaka 0.275 kutegemea mtaa anaoishi, kadiri mtaa ulivyo na dhiki ndivyo inavyopanda. Piga mwenyewe kwa 6,160: kuanzia 1,386 mpaka 1,694. Mwenye mahitaji maalumu ana yake pia.

Kwa hiyo mimi kwa kalamu yangu niliiambia Texas: huyu hahitaji kitu. Texas ikaniamini. Wakati shule yenyewe ilikuwa na watoto wengine wa Kiswahili, Wakongo waliotokea kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Warundi, Watanzania, na wazazi wengi tulisikia ushauri wa mtu mmoja. Nilikuja kuhesabu familia zetu tu za karibu, watoto kumi na wanne wameandikwa Kiingereza. Zidisha hiyo 616 mara kumi na nne, ni zaidi ya dola 8,600 kwa mwaka ambazo wilaya haikuzidai, halafu sisi haohao tunakaa kikaoni tunalalamika mbona shule ina mwalimu wa ESL nusu siku tu. Hela haiji na jina la mtoto, inaingia wilayani, lakini sheria inataka sehemu kubwa ya nyongeza hiyo, si chini ya 55%, itumike kwenye programu zenyewe. Shemeji yangu yuko Sacramento, kule wana mfumo wao tangu 2013, mtoto anayejifunza Kiingereza au wa kipato cha chini analetea wilaya 20% juu ya kiwango cha msingi. Majimbo yanatofautiana namba, ila popote pale aliyeandikwa ndiye anayehesabiwa.

Yule bwana nilimfuata. Nilimwambia mbele ya watu, mzee wangu, watoto wako walizaliwa hapa, hukuwahi kujaza fomu hii kwa mtoto aliyetoka Mwanza, ulituambia kwa kutumia nini? Akasema yeye alisikia. Alisikia! Watu wazima thelathini tumefuata "nilisikia". Mtu ukikaa nchi ya watu miaka ishirini haina maana unajua kila ofisi yake, na kama hujui sema hujui, mwenzako atakwenda kuuliza dirishani. Bado ana heshima yake kwangu, misiba yetu anaisimamia vizuri, lakini kwa hili alituumiza na sitanyamaza kwa sababu ya umri wake.

Na huko kutengwa anakosema, hakupo hivyo. Mtoto akipimwa, kamati ya shule inakaa na mzazi anapewa barua, wewe ndiye unayekubali au kukataa programu kwa saini yako. Ukikataa umekataa ukiwa unajua. Akishaiva Kiingereza anatolewa. Ila usipoandika ukweli pale mwanzo huna hata cha kukataa.

Sasa ile fomu ya kipato, ndiyo hiyohiyo ya chakula cha shule. Dada nakuelewa, sisi tumelelewa hivyo, kuomba ni aibu. Lakini hiyo fomu huombi, unahesabiwa. Kuna shule siku hizi zinalisha watoto wote bure bila maombi, na hata hizo bado zinakutumia karatasi ya kuuliza kipato cha nyumba, na watu wanaitupa wakisema si chakula tayari ni bure. Chakula ndiyo bure, lakini ile karatasi ndiyo inayoliambia jimbo shule ina watoto wangapi wa kipato cha chini, na ndiyo ile 1,386 niliyokuonyesha hapo juu. Mtoto wako hata akibeba ugali wake kutoka nyumbani kila siku, jaza. Na kama hofu ni uhamiaji, fomu ya chakula haiulizi hali yako ya uhamiaji, inataka nambari nne za mwisho za sosho (nambari ya Social Security) ya mtu mzima, asiyekuwa nayo anaweka alama kwamba hana. Na shule kumkataa mtoto kwa sababu ya makaratasi ya uhamiaji haiwezekani tangu 1982, Mahakama ya Juu ya Marekani ilishaamua, tena kesi yenyewe ilitokea hapahapa Texas, Tyler.

Kodi ya nyumba, haraka. Jimbo linapiga hesabu ya wilaya kwanza: watoto, nyongeza, jumla yake tuseme milioni 10. Halafu linaangalia kodi ya nyumba imeleta ngapi. Imeleta 6, jimbo linajazia 4. Mwaka unaofuata nyumba zimepanda thamani, kodi imeleta 7, jimbo linajazia 3. Wewe umelipa zaidi, jimbo limepumua, shule iko palepale kwenye 10. Na kodi ikileta 12 ile mbili ya juu inarudi jimboni kugawiwa wengine, ndiyo watu wanaita Robin Hood, ipo tangu 1993, baada ya mahakama ya juu ya Texas mwaka 1989 kusema mfumo wa zamani ulikuwa unabeba wilaya tajiri. Na ukiona wamejenga uwanja mpya wa mpira huku wanapunguza walimu, hayo ni mafungu mawili tofauti, kodi ya madeni ya majengo hairuhusiwi kulipa mshahara. Inaudhi, lakini ndivyo ilivyo.

Kitu kingine, Texas hawalipi kwa walioandikishwa, wanalipa kwa wastani wa wanaohudhuria. Watoto 100 wameandikishwa, wastani wanafika 92, wilaya inalipwa 92, mwalimu yuleyule, taa zilezile. Kuna saa maalumu ya kuita majina, mtoto akifika baada ya hapo siku hiyo hayupo kwenye hesabu. Akiwa na miadi ya daktari usimlaze nyumbani siku nzima, mpeleke shule kabla au mrudishe baada, na karatasi ya daktari mkononi, anahesabiwa yupo. Sisi tulikuwa tunaondoka wiki moja kabla shule hazijafungwa kwa Krismasi ili tukute tiketi za bei rahisi, kumbe kila siku ile inakatwa.

Lakini hayo ya mahudhurio utayajifunza taratibu. Kesho uende hivi: fika ofisi ya shule wakifungua tu, usipige simu, nenda mwenyewe. Sema unataka kurekebisha fomu ya lugha ya nyumbani na kwamba hazijapita wiki mbili. Uliza kama binti ameshapimwa, kama bado mwambie karani akupe fomu hapohapo. Andika Kiswahili, na mahali panapouliza lugha ya mtoto andika Kiswahili pia, hata kama wewe na baba yake mnachanganya na Kiingereza, yeye hachanganyi. Weka tarehe, omba kopi, ipige picha. Karani akikuambia hajui habari hiyo omba kuonana na mtu wa wilaya anayeshughulikia watoto wanaojifunza Kiingereza, na una haki ya mkalimani bila kulipa. Halafu ukiwa palepale dirishani omba na ile ya kipato.

Mimi kesho naingia kazini saa nane mchana, asubuhi yote nipo hewani. Wakikuzungusha niandikie hapahapa, nikupigie tuongee nao wote.