Tahadhari mia mbili usiku mmoja: ipi imwamshe mtu?

SWALI: Ndugu Mhariri, sisi ni vijana watatu wa Nkuhungu, hapa Dodoma, na tunaendesha mfumo wa kukata tiketi za mabasi yaendayo Kondoa, Singida na Dar es Salaam. Mfumo unategemea API nne (njia ambazo programu huzitumia kuulizana na kujibizana), yaani ya viti, ya ratiba, ya malipo na ya meseji, na tunacho chombo kinachozichunguza kila dakika. Mwezi uliopita malipo yalikwama usiku, simu zetu zikapokea meseji zaidi ya mia mbili, na kwa kuwa tulikwisha kuzizoea kelele hizo, hakuna aliyeamka mpaka abiria walipofika stendi ya Nanenane alfajiri bila tiketi. Sasa chombo hicho kimeongezewa uwezo wa kukusanya tahadhari katika makundi, kuzuia tahadhari moja kwa sababu ya nyingine, kuzinyamazisha kwa muda, kupiga simu, na kupandisha taarifa kwa mtu mwingine. Tuanze na kipi?

JIBU: Poleni sana, na zaidi poleni kwa abiria wenu. Anzeni na makundi pamoja na uzuiaji, kwa sababu tatizo lenu halikuwa kukosa taarifa. Taarifa zilikuwapo, ila zilizidi uwezo wa binadamu aliyelala.

Utaratibu huu si mgeni. Alertmanager, programu ya kupanga na kutuma tahadhari ambayo ni sehemu ya Prometheus, mradi wa kufuatilia afya ya mifumo ulioanzishwa katika kampuni ya muziki wa mtandaoni ya SoundCloud mwaka 2012, imekuwa nao kwa miaka mingi, na mipangilio yake ya awali inaweza kuwa kipimo kizuri kwenu: tahadhari ya kwanza ya kundi husubiri sekunde 30 ili zinazofanana nayo ziungane nayo, mpya zinazoingia katika kundi hilo hutumwa baada ya dakika 5, na ile ambayo haijatatuliwa hurudiwa baada ya saa 4. Uzuiaji nao hufanya kazi kwa kufuata chanzo. Ikiwa hifadhidata imeanguka, API ya viti na ya ratiba zitatoa kwa pamoja makosa ya 500 au 503, yaani namba za kusema kwamba seva (kompyuta inayoendesha mfumo) imeshindwa kazi, lakini mnachohitaji kuambiwa ni kwamba hifadhidata imeanguka, basi. Kaeni chini siku moja mchore kwenye karatasi ni kipi kinategemea kipi, kwani chombo hakiwezi kulijua hilo kwa niaba yenu.

Kisha amueni tahadhari ipi inastahili kumwamsha mtu saa 9 usiku. Kwa maoni yangu ni ile tu inayomgusa abiria: hawezi kulipa, au amelipa na tiketi haikutoka. Seva kujaa kiasi, au ombi moja kurudishwa na kosa la 429 kwa sababu maombi yamekuwa mengi mno, ni mambo ya kusomwa asubuhi. Msidanganywe pia na jibu la 200, namba inayosema kwamba ombi limefanikiwa, maana API inaweza kujibu 200 huku orodha ya viti ikiwa tupu. Uchunguzi usome na yaliyomo ndani ya jibu.

Wengi huweka sharti kwamba kosa lidumu dakika 5 kabla ya kutuma tahadhari. Ni sharti jema, lakini lina gharama. Mkiwaahidi wenye mabasi kwamba mfumo utapatikana kwa asilimia 99.9, katika mwezi wa siku 30 mna takriban dakika 43 tu za kukosekana, na hitilafu 8 zikisubiri dakika 5 kila moja, dakika 40 zimekwisha kabla hamjagusa kompyuta. Kwa malipo ningeweka dakika 2.

Unyamazishaji utumieni wakati wa matengenezo, na kila mara uwe na saa ya kuisha na sababu iliyoandikwa. Simu na kupandisha ngazi ni rahisi: gawaneni zamu kwa wiki, na mwenye zamu asipothibitisha kupokea ndani ya dakika 10, simu iende kwa wa pili.

Liko jambo ambalo hamkuliuliza, nami naliona kubwa kuliko yote. Chombo chenu kikikaa kwenye seva ileile inayoendesha tiketi, umeme au intaneti vikikatika vyote viwili vitanyamaza, nanyi mtaudhani ukimya huo ni salama. Tengenezeni tahadhari moja isiyozimika kamwe, inayotumwa kila baada ya dakika chache kwa huduma iliyo mahali pengine kabisa; siku itakapokoma kufika, huduma hiyo ndiyo iwapigie simu.

Mkishamaliza, chagueni saa 8 mchana ya siku isiyo na abiria wengi, zimeni API ya malipo ya majaribio kwa makusudi, kisha hesabuni simu ngapi zimelia na ni ya nani iliyolia kwanza.