Chetezo kilichowekwa kando

Mhariri, wiki hii mmetuuliza: "Kuna uzuri gani katika kupiga picha magofu na makaburi ya kale?" Swali limenigusa pabaya. La uzuri nawaachia wengine. Mimi nina langu juu ya vitu vinavyoondolewa ili picha itoke nzuri.

Kwa magofu ya makasri sina ugomvi. Maruhubi kule Unguja, kasri la Sultani Seyyid Barghash lililoungua mwaka 1899, maharusi wakisimama kati ya zile nguzo wakapigwa picha, nani ataumia? Kaburi ni jambo jingine. Kaburi lina mwenyewe hata kama jina lake limefutika.

Kijijini kwao bibi yangu, kaskazini Pemba (sitapataja, nisije nikawaelekeza watu), kuna makaburi ya mawe ya watu wa kale. Moja lilikuwa na ukuta uliopita kimo changu, na katikati yake shimo la duara. Mtu wa pwani haambiwi shimo lile ni la nini: palikuwa na bakuli la kaure kutoka China, likang'olewa. Bibi alikuwa akitia kiganja mle akikizungusha kama anayesugua sufuria. Kwenye lipu ilibaki alama ya kitako cha bakuli, laini kama ukucha.

Miaka michache nyuma binamu yangu alikuja na rafiki yake mpiga picha kutoka Unguja. Kijana wa adabu, alimwamkia bibi shikamoo, akavua viatu bila kuambiwa. Bibi akatangulia, akawatolea salamu watu wa makaburini, akakaa pembeni juu ya jiwe. Kijana akapiga, akasogea, akapiga tena. Jua la alasiri lilipenya majani likaangukia lile shimo. Chini ya ukuta palikuwa na chetezo cha udongo chenye jivu la ubani, na kitambaa cheupe alichokiweka mtu. Kijana akaviokota kwa vidole viwili, akaviweka kando kwenye majani makavu. "Vinaharibu picha kidogo," alisema, kwa upole kabisa.

Bibi hakunena. Kijana alipomaliza, bibi aliinama akarudisha kitambaa, akarudisha chetezo, akakigeuza mpaka upande wenye ufa ukaelekea ukutani kama ulivyokuwa. Njia nzima kurudi nyumbani hakuna aliyesema neno. Jioni, akipepeta mchele, ndipo aliponiambia: "Mwambie yule kijana arudi, apige na chetezo chake. Alivyopiga vile, kama kwamba kaburi lile halina watu."

Hakurudi. Mimi ndiye niliyechelewa kumwambia.

Nilipoanza kuandika nilikusudia kusema watu wa kamera wasitie mguu makaburini. Sasa nasita. Majengo yetu ya kale ni mawe ya matumbawe na chokaa. Lipu ikishabanduka, maji ya mvua huingia, chokaa hulegea, mti huota kwenye ufa na mizizi yake humaliza kazi. Masika ya mwaka uliofuata ule ukuta ulilala chini. Leo pale pana fungu la mawe, na picha pekee inayoonyesha shimo la bakuli ni ile ile iliyopigwa bila chetezo.

Na ni nzuri, siwezi kukataa. Basi na wapige, tena wapige upesi kabla ya masika mengine. Lakini wapite kwanza kwa sheha, kiongozi wa serikali wa eneo lile, na kwa wazee wa pale, wasipande juu ya kuta, na kilichowekwa na mtu kibaki kilipo. Makaburi ambayo watoto wa marehemu bado wanayazuru, hapana, hapo sijabadilika. Ingawa najua kijana yule angeniomba ruhusa mimi siku ile, ningemkatalia, na leo nisingekuwa na kitu cha kutazama.

Bibi ametangulia mbele ya haki. Mwaka huu nilimwomba kijana anipe ile picha kama ilivyotoka kwenye kamera, kabla hajaipunguza kingo. Upande wa kushoto, chini kabisa, limeingia pindo la kanga nyekundu na kidole gumba cha mguu wa bibi. Nimeisafisha hivyo hivyo, na kidole chake, nimeitundika sebuleni.