Kabla hamjaondoka Iringa, hesabuni saa za mwanga

Juzi vijana watatu walinionyesha mpango wao wa kwenda Matema, ufukweni mwa Ziwa Nyasa, kwa baiskeli. Siku ya kwanza Iringa–Makambako, ya pili Makambako–Mbeya, ya tatu Mbeya–Matema. Nilinyamaza, maana karatasi ile naijua. Niliiandika mwenyewe mwaka 2011, mgawanyo ule ule, na aliyeumia hakuwa mimi. Wadogo zangu, nawapenda na mnanichosha. Kaeni tuongee.

1. Msipange kwa kilomita. Iringa–Makambako ni kama 160, Makambako–Mbeya kama 170, na kwenye karatasi zinafanana kama mapacha. Siku ile ya Makambako tuliondoka saa 3 asubuhi, kwa sababu baridi ilikuwa kali na chai ya mama ntilie ilikuwa tamu. Kuelekea Igawa barabara inashuka kuingia bonde la Usangu. Gia kubwa, kusi inatusukuma mgongoni, tunaimba. Mimi ndiye kiongozi, nikapiga hesabu: kilomita 25 kwa saa, saa 10 jioni tuko Mbeya. Hesabu hiyo niliipiga nikiwa kwenye mteremko.

Chimala tulifika saa 8 mchana, jua la Usangu limetukausha, chupa zimebaki nusu. Mdogo wetu kuliko wote akasema, "Kaka, tulale hapa." Nyumba za wageni zilikuwepo, hela tulikuwa nayo. Nikamjibu zimebaki kilomita 75 tu. Hilo "tu" linaniuma mpaka leo.

Ukishaiacha Igurusi barabara inaanza kupanda, na hadi Uyole, mlangoni mwa Mbeya, unakuwa umepanda zaidi ya mita 600, ukiwa na miguu iliyokwishatumika. Tulifika Inyala jua likizama. Mwezi wa 6 huku kwetu linazama karibu saa 12 na nusu, na giza linaingia mara moja. Taa ilikuwa moja, yangu, ya mbele. Nyuma hakuna aliyekuwa na kitu. Lori likaanza kutupita, jingine likatokea mbele, na mdogo wetu akasogea kuwapisha. Ukingo wa lami ulikuwa umelika, tairi la mbele likaanguka chini, akarushwa juu ya usukani. Mtulinga ulivunjika, niliusikia. Akakaa kwenye nyasi ameshika bega, akaniambia, "Samahani kaka, nimewachelewesha." Yeye ndiye aliyeniomba samahani.

Fuso iliyobeba mpunga ilituchukua hadi Mbeya. Usiku ule nilikwenda mwenyewe kwa mama yake. Hakunigombeza. Alinivutia kiti, akaniuliza kama nimekula. Ningeweza kuvumilia matusi kuliko kile kiti.

Kwa hiyo siku ya pili inaishia Chimala, hata mkifika mna nguvu za kuruka. Kesho yake mnaukabili mlima na ubaridi wa asubuhi, mchana mko Mbeya mnakula.

2. Muda wa kuondoka. Mliozoea Dar mjue kwamba mwezi wa 6 jua la Mbeya linachomoza karibu saa 1, kwa hiyo mna kama saa 11 na nusu za mwanga na si zaidi. Chai inywewe gizani, mwanga ukitoka mko juu ya pedali. Glavu ni lazima: alfajiri ya Mafinga vidole vinakufa ganzi na breki havishiki. Ikifika saa 9 alasiri, simameni mwamue pa kulala, na anayetaka kulala karibu ndiye asikilizwe.

3. Msimu ni Juni hadi Oktoba. Ila Rungwe, wilaya ya Tukuyu, ina utaratibu wake: Tukuyu hupata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, na mwezi wa 5 bado inanyesha kwelikweli. Koti la mvua lisibaki nyumbani.

4. Mbeya–Matema mmeandika "mteremko". Nani kawaambia? Kutoka Uyole kwanza mnapanda milima ya Uporoto hadi Isyonje, zaidi ya mita 2,200, mara nyingi ndani ya ukungu. Ndipo mnashuka Kiwira, Tukuyu, hadi Kyela iliyo kama mita 500 tu. Kushuka huko kote kwa breki za raba, rimu inachemka. Wekeni raba mpya na msimame mara kwa mara kuzipoza. Mara moja nilisimama Kiwira nikigusa rimu, bibi mmoja akadhani nimeharibikiwa. Nilipomsalimia "ndaga" kwa Kinyakyusa alicheka, akaniletea ndizi za kuchemsha na maziwa ya mgando. Nilikaa pale saa nzima, na saa hiyo sikuwa nimeipanga. Acheni nafasi ya saa kama hizo. Laleni Tukuyu.

5. Wanaoanzia Dar: Mikumi pandeni basi, barabara inakatiza hifadhi kwa kama kilomita 50 na wanyama wapo; mlima wa Kitonga upandeni alfajiri, malori hayajajaa.

6. Ulanzi wa Iringa, ile pombe ya mianzi, unywewe mkisharudi.

Mdogo wetu yule bega lina kinundu na bado anaendesha. Jumamosi saa 2 asubuhi atakuwa Uyole na taa tatu nyekundu za nyuma alizowanunulia. Njoni na karatasi mpya, na mbele ya kila mji pawe na saa ya kufika.